Kumuuguza Sungura Jike Aliyetolewa Kizazi

Sisi watu wa kambini tunajua kufuga sungura, na wengi wetu huwafuga kwa ajili ya kitoweo tu. Sungura hahitaji shamba. Kibanda cha mbao nyuma ya nyumba chamtosha, majani yake huchumwa na watoto kando ya uwanja wa gwaride, na jike akipandwa huzaa baada ya siku 30 hadi 32, kisha aweza kupandwa tena siku ile ile aliyozaa. Kwa hiyo nisemapo kwamba mwaka jana nilichukua fedha za nyumba nikampeleka sungura mmoja jike kwa daktari wa mifugo mjini Kampala ili atolewe kizazi, najua wapo watakaocheka. Majirani zangu walicheka pia. Mke wa sajini mmoja, ambaye namwita dada kwa heshima ya umri wake, aliniuliza ikiwa siku hizi tumekuwa Wazungu.

Nataka kueleza habari hiyo kwa urefu kidogo, maana tangu hapo wamenijia watu watatu wa kambi yetu kuniuliza namna nilivyomuuguza, na kila mmoja alidhani kwamba kazi yote ilikuwa ya daktari. Ni kweli daktari alifanya kazi yake, tena kwa ustadi. Lakini kwa sungura hatari kubwa huanza pale daktari anapomaliza kushona.

Kwanza niseme kwa nini ilibidi. Sungura huyo anaitwa Pamba. Ni mweupe, macho yake mekundu, na uzito wake ulikuwa kilo 3. Mume wangu alimnunulia binti yetu wa pili wiki ile aliyopewa amri ya kwenda Somalia, ambako majeshi ya Uganda yamekuwa yakilinda amani tangu mwaka 2007. Mtoto alikuwa na miaka saba. Wake wa askari wanajua jinsi mtoto wa umri huo anavyomsubiri baba: hulia siku mbili, kisha hunyamaza, na kule kunyamaza ndiko kunakomtia mama hofu. Huyu wetu hakunyamaza, kwa kuwa alikuwa na wa kuzungumza naye. Baba yake alipopiga simu aliuliza habari za Pamba kwanza, habari za shule baadaye, na mimi nikawa wa mwisho. Sikuona wivu, au niseme niliuona kidogo tu.

Baada ya miezi kadhaa Pamba alianza vituko. Alijing'oa manyoya ya kifuani akajenga kiota, akakataa kushikwa, akamwuma mtoto mkono na kunguruma kama paka. Ilionekana kana kwamba ana mimba, na hali hakuwa ameona dume. Zikapita siku kama 17, akatulia, wala hakuzaa kitu. Baadaye yakawa yale yale, na mara ya tatu alijing'oa manyoya hata ngozi ikaonekana. Daktari alituambia kwamba hiyo ni mimba ya uongo. Sungura jike hana majira maalumu ya kutafuta dume kama ng'ombe au mbwa. Yai lake hutoka pale anapopandwa, na mara nyingine hata akipandiwa na jike mwenzake, au akisisimuliwa tu, mwili wake hudanganyika ukajiandaa kwa uzazi usiokuwapo.

Akaongeza jambo lililonishtua zaidi. Sungura jike anayeachwa na kizazi chake hupatwa sana na saratani ya kizazi anapozeeka. Katika baadhi ya koo za sungura, zaidi ya nusu ya majike waliovuka miaka minne wamekutwa nayo. Mfugaji wa kitoweo haioni saratani hiyo, kwa sababu sungura wake huishia sufuriani mapema. Lakini sungura anayefugwa awe rafiki wa mtoto aweza kuishi miaka 8 na zaidi, na atauguza saratani yake humo humo nyumbani, mtoto akitazama.

Sikukubali siku ile ile. Nilitaka kujua kwanza kama atapona, maana sikuwa tayari kumpigia simu mtu aliye vitani nimwambie kwamba zawadi aliyomwachia mwanawe imekufa mikononi mwangu. Daktari hakunificha. Huko Uingereza, kati ya mwaka 2002 na 2004, ulifanywa uchunguzi mkubwa wa wanyama waliotiwa dawa ya usingizi. Katika kila mbwa 1,000 walikufa wasiozidi wawili, na katika kila paka 1,000 walikufa wawili na kitu. Katika kila sungura 1,000 walikufa karibu 14, na hata wale waliokuwa wazima kabisa kabla ya upasuaji walikufa saba. Tena, wengi wa sungura hao hawakufa wakiwa wamelala mezani chini ya kisu. Walikufa baadaye, kisu kikiwa kimekwisha kuwekwa chini.

Sababu kubwa ni tumbo. Sungura hawezi kutapika. Utumbo wake umeumbwa kupokea majani mchana na usiku, kidogo kidogo, na kila kinachoingia husukuma kilichotangulia. Akiacha kula, iwe kwa maumivu, kwa hofu au kwa baridi, mwendo ule hupungua, kisha husimama. Chakula hukauka ndani, hewa hujaa tumboni, maumivu huzidi, naye kwa maumivu hayo huzidi kukataa chakula. Hali hiyo yaweza kumwua katika siku moja au mbili, jeraha lake likiwa zima na safi. Ndiyo maana sungura hafungishwi njaa kabla ya upasuaji kama tufungishwavyo sisi hospitalini. Niliagizwa nimlete ameshiba, tena nilete majani yake mwenyewe, ili akizinduka aone chakula anachokijua. Nilibeba kikapu cha majani ya viazi vitamu na kishonanguo, ile ambayo Waganda huiita ssere, hata watu katika teksi wakadhani naenda sokoni kuuza mboga.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimekwisha kumtayarishia mahali. Kibanda cha nje hakifai kwa mgonjwa, kwa ajili ya mbu, nzi, panya na mbwa wanaopita. Nilichukua sanduku la mbao lenye urefu wa mita moja na upana wa nusu mita, nikaliweka sakafuni katika pembe ya chumba cha kulala, mbali na redio na mlango. Lisiwe na ngazi wala kiti cha kurukia, maana sungura mwenye mshono tumboni akiruka aweza kuufumua. Maranda ya mbao niliyoyazoea kibandani nikayaacha, kwa kuwa huganda katika jeraha. Nikatandika magazeti, na juu yake taulo kuukuu lililofuliwa. Gazeti kama hili ulishikalo, ndugu msomaji, likisha kusomwa na nyumba tatu bado lina kazi.

Tulirudi kambini saa 10 alasiri. Pamba alikuwa macho lakini mlegevu, na masikio yake yalikuwa baridi kama kijiko. Nyumba zetu mwazijua: mabati juu, saruji chini, mchana tanuri na usiku baridi hupanda kutoka sakafuni. Sungura wa kibandani asili yake si huku kwetu. Wakayima wa hadithi za Waganda, yule mjanja wa kumhadaa chui, ni sungura wa porini wa jamii nyingine kabisa. Huyu tunayemfuga wazee wake walitoka pande za Hispania, na joto likipita digrii 30 huhema na kuhangaika. Lakini mara baada ya dawa ya usingizi adui yake huwa ni baridi. Joto la mwili wake hupaswa kuwa kati ya digrii 38 na nusu na 40, na dawa ile hulishusha. Nilijaza maji ya vuguvugu katika chupa, nikaizungushia kitambaa mara mbili, nikailaza kando yake, siyo juu yake, nikaacha upande mmoja wa sanduku bila joto ili akiona moto umezidi ajisogeze. Baada ya saa moja masikio yakapata uhai.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, ambayo ni kumsoma mgonjwa asiyesema. Mbwa akiumwa hulia, na mbuzi hulia hata asipoumwa. Sungura ni windo la kila mwenye meno, kwa hiyo ameumbwa kuficha maumivu yake mpaka dakika za mwisho. Mwaka 2012 watafiti walichapisha kipimo cha kuyatambua maumivu ya sungura usoni, nacho hutazama mambo matano: macho yanayofumbwa nusu, mashavu yanayobonyea, pua inayochongoka, ndevu zinazokakamaa, na masikio yanayokunjamana na kulazwa nyuma. Mimi nilionyeshwa na daktari kwa njia rahisi. Akisaga meno polepole, kwa sauti ndogo, huku unampapasa, ameridhika. Akiyasaga kwa nguvu hata ukasikia kutoka kitandani, amejikunyata, amegeukia ukuta, au anabana tumbo chini, anaumwa. Nilipewa dawa ya maumivu ya maji, iitwayo meloksikamu, niitie kinywani mara moja kwa siku kwa siku tano, wala nisiiache siku ya pili kwa kudhani amepona. Mgonjwa anayeumwa hali, na asiyekula tumekwisha kuona linalompata.

Ushahidi ulio bora kuliko uso ni kinyesi. Najua meza ya chakula si mahali pa habari hizi, lakini kwa sungura ndiyo habari kuu. Binti yangu alichukua daftari la shule akapiga mistari mitano: saa, chakula, maji, kinyesi, jeraha. Askari polisi aliyekuja kutujulia hali alilitazama akasema linafanana na daftari la matukio kituoni kwake, ila hili limeandikwa kwa mwandiko mzuri zaidi. Punje za kinyesi zilihesabiwa kila baada ya saa mbili. Punje kubwa, mviringo, zenye rangi ya nyasi kavu ni heri. Ndogo na ngumu kama pilipili manga ni onyo. Kutokuwapo kabisa kwa saa 12 ni jambo la kumwita daktari hata kama ni usiku wa manane.

Usiku ule wa kwanza daftari lilikuwa na sifuri tu. Saa 12 jioni, sifuri. Saa 2 usiku, sifuri, na majani yote yapo kama yalivyowekwa. Saa 3 simu ililia, naye alikuwa baba yao. Aliuliza, "Mama watoto, mgonjwa amekula?" Nikamwambia hajala. Kukawa na kimya katika simu, kimya cha mtu aliye mbali asiyeweza kufanya lolote, kisha akasema, "Basi msilale wote pamoja. Gawaneni zamu." Nikampa mtoto zamu ya kwanza mpaka saa 4 na nusu, zaidi ya hapo yangu, ingawa nilijua kwamba hata zamu yake nitaikesha mimi.

Saa 4 usiku nilianza kumlisha kwa bomba la sindano, sindano yenyewe ikiwa imeondolewa. Chakula chake ni kile cha dukani kilichoshindiliwa kama vijiti, ambacho nilikiloweka katika maji ya moto, nikakiponda, nikakichuja kikawa uji mwepesi, kikapoa hata kikawa vuguvugu. Kipimo nilichopewa kilikuwa mililita 10 kwa kila kilo ya uzito, mara nne kwa siku, hivyo kwa Pamba mililita 30 kila mara. Jambo la kuangalia ni namna ya kutia. Sungura halazwi chali. Hukalishwa juu ya miguu yake kama kawaida, akafungwa taulo mwilini ili asikurupuke, bila kubana tumbo. Ncha ya bomba huingizwa kwa upande wa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, penye nafasi isiyo na meno, na uji husukumwa kidogo mno, kisha unangoja atafune na kumeza. Mwenye haraka ataupeleka uji huo mapafuni. Mililita 30 zilinichukua karibu dakika 40, na nyingine ziliishia katika kanga yangu.

Nilimlisha tena saa 9 usiku. Saa 11 alfajiri, kanisa likiwa bado halijapiga kengele, nilisikia sauti ndogo ya kutafuna. Sikuwasha taa. Pamba alikuwa ameshika ncha ya jani la kiazi na kulivuta polepole, likaisha, akachukua la pili. Punje ya kwanza ya kinyesi ilionekana saa 2 asubuhi, ndogo, kavu, isiyo na sifa yoyote, na binti yangu alikimbia nayo nje juu ya kipande cha karatasi kumwonyesha mke wa sajini, ambaye alikuwa anasuka nywele na hakupendezwa sana.

Huyo dada yangu ndiye aliyenijia mchana wa siku hiyo na jambo ambalo, laiti nisingalikuwa nimeonywa mapema, lingalimaliza kazi yote. Alikuja kwa nia njema. Mkononi alikuwa na vidonge vitatu vya rangi mbili, vile vya amoksisilini, vilivyobaki mwanawe alipougua sikio. Akasema, "Mdogo wangu, mtu aliyepasuliwa lazima anywe dawa ya kukausha kidonda. Mfungulie nusu kidonge katika maji." Daktari alikuwa ameniandikia katika karatasi kwa herufi kubwa kwamba sungura asinyweshwe kamwe dawa za jamii ya penisilini: ampisilini, amoksisilini, na nyinginezo za namna hiyo. Katika utumbo mkubwa wa sungura wamo vijidudu vyema visivyohesabika, na hivyo ndivyo vinavyomsagia majani. Dawa hizo zikipita kinywani huviua vile vyema na kuviacha vibaya vizaliane na kutoa sumu. Sungura huharisha, na katika siku chache hufa. Dawa iliyomponya mtoto sikio humwua sungura, na hakuna duka la dawa mtaani kwetu litakalokuuliza kama mnywaji ana miguu miwili au minne.

Nilimshukuru nikamsomea karatasi. Alikaa kimya, kisha akauliza kama kuharisha huko huwa kwa majimaji yenye harufu mbaya. Nikasema ndivyo nilivyoelezwa. Akasema miaka mingi nyuma, walipokuwa katika kambi nyingine, walikuwa na sungura sita wenye vidonda vya masikio, wakawapa vidonge vile vile, na kwa wiki moja kibanda kikawa kitupu, wakadhani mtu amewatilia sumu. Kuna jirani mmoja ambaye hawakuamkiana naye kwa mwaka mzima kwa ajili hiyo.

Kuhusu jeraha sina mengi, kwa kuwa lilikuwa jambo dogo kuliko nilivyohofu. Lilikuwa mstari wa urefu wa kidole, chini ya kitovu, na nyuzi zake zilishonwa ndani ya ngozi, za aina inayoyeyuka yenyewe. Nililitazama asubuhi na jioni. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku mbili za kwanza si ajabu. Joto, usaha, harufu, damu inayoendelea kutoka, au mshono kuachana, hayo ni ya kurudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Halisafishwi kwa spiriti wala kwa dawa kali za kuoshea sakafu, na sungura haogeshwi. Watu huuliza juu ya ile kola pana ya plastiki wanayovishwa mbwa wasirambe mshono. Kwa sungura huleta madhara aghalabu, kwa sababu yeye hutoa kinyesi cha aina mbili: kile kigumu cha kuhesabiwa, na kingine laini, kilichoshikana kama kishada cha zabibu, ambacho hukila moja kwa moja kikitoka, mara nyingi usiku. Humo mna virutubishi ambavyo utumbo haukuviwahi mara ya kwanza. Mwenye kola hakifikii, na wengi wakivishwa hukata tamaa wakaacha kula kabisa. Pamba alinusa mshono wake mara kadhaa, akauacha.

Adui niliyemwogopa ni nzi. Katika nchi zetu za joto, nzi akipata manyoya yaliyolowa mkojo au damu hutaga, na mayai huanguliwa kabla ya siku kwisha, funza wakaingia katika nyama iliyo hai. Mgonjwa mlegevu hajisafishi, hivyo nilimpangusa sehemu za nyuma kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na kumkausha, taulo nikalibadili kila jioni, na juu ya sanduku nikatandaza chandarua cha kijani cha mume wangu, kilichobaki kabatini. Kuzunguka sanduku nilimwaga majivu ya jikoni kwa ajili ya siafu, maana ilikuwa majira ya mvua, na aliyewahi kuona kibanda cha sungura kilichopitiwa na siafu usiku hahitaji kuambiwa mara mbili.

Siku ya tatu alikula nusu ya chakula chake cha kawaida, na uji wa bomba nikaupunguza. Siku ya tano alikula chote. Hapo ndipo shida ikageuka, kwa sababu alijiona mzima akataka kurukaruka, na watoto wote wa mstari wetu wakataka kumbeba. Niliweka sharti kwamba asiinuliwe na mtu yeyote ila mimi, kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mmoja chini ya makalio. Sungura aliyeinuliwa ovyo hupiga teke kwa nguvu hata aweza kujivunja mgongo, sembuse mshono. Nyasi kavu zilikuwa mbele yake saa zote. Kabichi nilimnyima kwa wiki mbili kwa kuwa huleta gesi.

Siku ya kumi tulimrudisha kwa daktari. Alimpapasa tumbo, akatazama mshono, akaomba daftari. Alisoma kurasa zote, hata pale binti yangu alipoandika "leo amenilamba mkono", akalipiga muhuri wa zahanati kwenye ukurasa wa mwisho kana kwamba ni cheti, na mtoto hajamruhusu mtu kulishika tangu siku hiyo bila kunawa.

Wale watatu walioniuliza wote walikuwa na swali moja la mwisho: je, jike huyo aweza kurudishwa karibu na dume lini? Kwa upande wa mimba, hawezi kuipata tena hata siku ya kwanza. Lakini dume hatajua hilo, atampanda, na mshono utafumuka. Watenganishwe mpaka jeraha lipone vyema na daktari akubali, nasi tulipewa majuma mawili. Ikiwa ni dume ndiye aliyehasiwa, habari ni nyingine: aweza bado kutia mimba kwa majuma kama manne hadi sita baada ya kuhasiwa, na wengi wamepata watoto wasiowatazamia kwa kutojua hilo. Tabia ya ukali na kujing'oa manyoya haikomi siku ile ile pia. Kwa Pamba ilipungua taratibu kwa muda wa mwezi na nusu. Tangu hapo hajajenga kiota. Ila amekuwa mwepesi wa kunenepa, kwa hiyo chakula cha dukani nimekipunguza kuwa kiganja kimoja kidogo kwa siku, mengine yote ni nyasi, na kila Jumamosi hupimwa katika mizani ya mwuza maharage aliye langoni, ambaye hututoza sawa na kilo nusu ya maharage kwa huduma hiyo.